Bolti Isiyodondoka

Mhandisi Zuena alikuwa amebakiwa na siku tatu za likizo pale Kibiti, na zote alizimalizia karakanani kwa mjomba wake Haidari, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Huko ng'ambo alikoajiriwa, kikosi chao kilikuwa kikisanifu mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuunganisha viini vya atomu, kama jua linavyofanya. Joto na mionzi huula ukuta wa ndani, hivyo vigae vyake sharti vibadilishwe kila baada ya miaka michache. Binadamu haingii humo. Kazi yote ni ya mkono wa roboti. Kwa mchoro uliokuwepo, kuvibadilisha kungeuzima mtambo miezi minane.

"Mtambo unaolala miezi minane nani atautaka?" alisema Zuena. Alikuwa na mchoro wake mwenyewe wa kuifupisha kazi hiyo, na Alhamisi saa nane mchana angeutetea mbele ya wakubwa zake kwa video.

Yeye na mjomba wakaunda mfano wa ukuta kwa mabati na nguzo za mkoko kutoka Salale. Zuena akamweka mjomba upande wa pili, asione kitu ila picha ya ndani kwenye simu, akampa fimbo ndefu zenye spana nchani.

"Jifanye roboti, mjomba. Toa kigae."

Haidari akafungua bolti ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikachomoka, ikadondokea ndani na kulia juu ya bati. Kwenye mtambo wa kweli, hiyo moja ingetafutwa wiki nzima.

"Mwanangu, umechora vizuri," Haidari alisema, "lakini umemchorea mtu mwenye vidole. Kwenye kinu changu bolti hailiachi bati lake. Inalegea, haitoki."

Akamwonyesha pete ndogo aliyoichomelea shingoni mwa kila bolti, nyuma ya bati. Wakachomelea pete, bolti kumi na mbili za kigae wakazifanya nne, na bomba la kukipozea, lililokuwa limejificha nyuma, wakalihamishia mbele, mahali spana inapofika. Jaribio la kwanza lilichukua dakika arobaini. La pili, ishirini. Alhamisi asubuhi Haidari alitoa kigae na kurudisha kingine kwa dakika kumi na moja, na hakuna kilichoanguka. Mkewe Maimuna, aliyeshika saa, alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Saa nane ilipofika, Zuena hakuanza na mchoro. Alimwelekezea mjomba kamera. Wakubwa wakamtazama akibadilisha kigae, wakaomba arudie. Haidari akarudia: dakika kumi.

"Na bolti zikikwama kwa joto?" kiongozi wao aliuliza.

"Hilo sijui bado," Zuena alijibu. "Nataka tuzijaribu tanurini, kwa chuma cha mtambo wenyewe."

Wakashauriana kidogo, kisha wakaidhinisha: ukuta wa majaribio ungejengwa kwa mchoro wake. Kiongozi akaomba jina la fundi, liandikwe kwenye mchoro.

Zuena alitafsiri. Haidari akalitamka jina lake polepole, kisha akauliza kazi inaanza lini, maana alishaona njia ya kuzifanya bolti nne ziwe mbili.