Mdomo wa Aliyeiba Maini

Habsa hakwenda ofisi ya wanyamapori kudai fidia. Alitaka barua yenye mhuri, basi. Jumamosi, wazee walipokuja Bulla Pesa kumposa binti yake, Hoda, ndege alishuka uani akaondoka na pande zima la maini lililokuwa likipoa kwenye sinia. Wageni wakaletewa wali mtupu. Mzee Shire, ami wa mchumba, alisema waziwazi kwamba hajapata kusikia ndege wa namna hiyo, na kwamba nyumba inayoficha maini leo itaficha mengine kesho.

Sasa mzee huyo alikuwa ameketi naye benchi moja, mikono kifuani, amekuja kujisikilizia mwenyewe.

"Fomu inataka umbo la mdomo," alisema Mwongera, afisa kijana. "Mnene, mwembamba, bapa, ulionyooka au uliopinda?"

"Uliopinda."

"Umepinda kuanzia shinani ama nchani tu? Mama, mwewe amepinda, kasuku amepinda, hata chozi, yule ndege mdogo wa maua."

Habsa alifumba macho. Neno alikuwa nalo tangu Jumamosi, ila heshima ilimziba kinywa. Akajaribu mundu. Akajaribu bakora. Akajaribu mdomo wa birika.

"Huo unapinda kwenda juu," Mwongera akasema, akifuta tena.

"Mama Hoda," Shire akaingilia, "mimi nina safari ya Gotu. Kama unajua, sema. Kama hujui, twende."

"Nitasema, lakini unisamehe kwanza."

"Nimesamehe."

"Unashuka umenyooka, halafu pale nchani unaanguka ghafla. Kama pua yako, mzee."

Mwongera alitazama kitabu chake cha ndege, akatazama pua. "Mzee, geuka kidogo upande."

Na Shire, sijui ni mshtuko au ni mazoea ya kupigwa picha za vitambulisho, akageuka. Afisa akafunua kurasa mbili tatu, akatua kwenye picha moja.

"Tumbusi," alisema. "Wale wanaokaa karibu na machinjio."

Posa imekufa, Habsa akajiambia, na nimeiua kwa ulimi wangu. Shire aliipapasa pua yake polepole, kutoka juu hadi pale inapoangukia.

"Babu yangu aliingia Isiolo na pua hii, akiwa askari," akasema hatimaye. "Andika hivyo hivyo, kijana. Nitatia sahihi."

Jioni barua ilisomwa mbele ya Shire na ndugu zake watatu. Msomaji alipofika kwenye umbo la mdomo, wazee walitazamana, pua nne za aina moja. Kisha mkubwa wao akacheka hadi kofia ikaanguka, akasema mwanamke anayeweza kutamka hilo mbele ya mwenye pua hawezi kuficha maini. Harusi ikawekwa baada ya Idi.

Hoda aliposimuliwa, aliuliza jambo moja tu: kama mchumba wake naye anayo pua hiyo, maana bado hajamwona kwa upande.