Makopo Mawili ya Manyoya

Asubuhi ile mke wa fundi mishale alishindwa kufungua kopo la manyoya. Lilikuwa kopo lilelile la biskuti, limeandikwa KUSHOTO kwa wino, na kifuniko chake hakijawahi kumsumbua mtu. Kilichobadilika ni dole gumba lake. Lilikuwa limevimba kwenye shina, na kila alipolikunja lilimfanya aume meno. Akalibana kopo kwa magoti, akalifungua, akashika mkasi wake.

Kopo la pili liliandikwa KULIA. Manyoya ya bawa la kushoto la bata mzinga hupinda upande wake na ya bawa la kulia upande wake, na mshale hubeba manyoya matatu ya upande mmoja tu. Ukichanganya umeharibu. Hayo mke wa fundi aliyajua kwa vidole, maana kwa miaka ishirini na minane yeye ndiye aliyeyachagua na kuyakata kwa mkasi wa kushonea, huku mumewe akinyoosha vijiti, akipaka rangi na kupokea wageni. Mji mzima uliiita mishale ya Fundi. Yeye aliitwa mke wa Fundi. Hakuwa na kinyongo na mtu. Alitaka jambo moja tu, na alilitaka sana: kabla mkono haujagoma kabisa, mtu aseme mbele za watu kwamba manyoya yale ni kazi yake, na watu wasadiki.

Wiki hiyohiyo dole lilipovimba, mishale ilianza kurudi nyumbani. Uwanja wa klabu ya kulenga shabaha uko ng'ambo ya barabara. Mshale ulitoka kwenye upinde vizuri tu, ukafika katikati ya uwanja, ukakata kona, ukapanda juu ya uzio, ukasubiri lori lipite, kisha ukavuka, ukaingia dirishani na kulala mezani mbele ya mke wa fundi, manyoya yakimwelekea. Siku ya kwanza ilikuja minne. Siku ya pili ilikuja kumi na saba, ikabidi ahamishe kikombe chake cha chai.

Katibu wa klabu akaja kubisha hodi, mkononi ana katoni.

"Shikamoo, mama. Samahani, mishale yetu imepita huku?"

"Marahaba. Iko mezani. Uishike vizuri, usinivunjie manyoya."

"Ahsante. Na Fundi mwenyewe yupo?"

Fundi alikuwepo. Katibu akamweleza kwamba klabu imekaa, imetafakari, na imeona ubaya uko kwenye mkasi. Mashindano yalikuwa yamebaki majuma mawili, kwa hiyo wameleta vifaa vya kisasa achague mwenyewe. Akavipanga mezani kimoja kimoja: wembe uliofungwa kwenye mpini, waya wa umeme unaounguza unyoya kwa kufuata umbo lake, na kimashine cha chuma chenye mkono wa kubonyeza.

Walivijaribu mchana huohuo, mume na mke, wamekaa bega kwa bega. Wembe ulichana unyoya badala ya kuukata. Waya ulikata vizuri, ila nyumba nzima ilinuka kuku wa kubabuliwa, na jirani akachungulia kuuliza leo kuna nini cha maana. Kimashine kilibonyezwa mara ishirini, kikatoa manyoya ishirini yanayofanana.

"Tuchukue hiki," alisema Fundi. Alikuwa amelishika dole la mkewe kwa mikono miwili kama yai, akilikanda kwa mafuta ya moto, kama alivyofanya kila siku tangu livimbe. "Wewe pumzika, mama watoto. Mimi nitabonyeza."

"Na mkasi wangu?"

"Si utakatia nguo?"

Mke wa fundi aliuweka mkasi mezani. Moyo ulimuuma kuliko dole. Kimashine kikibonyezwa na mkono wowote, unyoya unatoka uleule, na mkasi ukishaingia kabatini hakuna atakayekumbuka kwamba palikuwa na mkono wa mtu. Lakini alimtazama mumewe alivyoinama juu ya dole lile, miwani imemshuka puani, akampenda, akakubali.

Fundi akabonyeza siku mbili mfululizo, akiimba. Alichota manyoya kopo hili na kopo lile kama mtu anayechota mchele. Mishale ikapelekwa uwanjani, ikarushwa, ikafika katikati, ikasimama hewani. Haikuanguka wala haikuendelea. Walengaji walizoea kupita chini yake wameinama, na mmoja akaanika taulo lake juu yake.

Mke wa fundi aliitwa kuangalia. Akavuta mshale mmoja chini, akaupapasa.

"Umechanganya kushoto na kulia."

"Kwani kuna kushoto na kulia?" aliuliza Fundi.

Mke akamtazama. Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi, machozi yanamtoka. Fundi naye akacheka, halafu kicheko kikamkauka taratibu.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Kumbe fundi ni wewe."

"Unaniambia mimi? Nenda ukawaambie wao."

Akaenda kweli, maana alikuwa mtu mwenye haya na upendo. Kwenye mkutano wa klabu alisimama, akavua kofia, akasema manyoya yote tangu mwanzo ni kazi ya mke wake, na kwamba yeye hata kushoto na kulia hakujua. Wajumbe walipiga makofi. Katibu akasema hayo ndiyo mapenzi, vijana wajifunze hapo, na kwenye kumbukumbu za mkutano akaandika kwamba Fundi ni mnyenyekevu.

Fundi alirudi nyumbani akamsimulia mkewe neno kwa neno, hakuficha kitu.

"Walicheka?" aliuliza mke.

"Walipiga makofi."

"Afadhali wangecheka."

Kesho yake walirudi kazini. Mke alichagua manyoya, Fundi akabonyeza. Mishale ikaanza tena kuvuka barabara na kulala mezani, kana kwamba kimashine hakikuwahi kuletwa. Zikiwa zimebaki siku tatu klabu ikaamua lililo rahisi: wakauleta ubao wa shabaha nyumbani kwa fundi, wakauegemeza ukutani nyuma ya kiti cha mkewe, na kumwomba, wakati wa mashindano, akae ameinama kidogo kushoto. Washindani wageni walilalamika kuhusu malori tu. Kila mshale wa klabu uliingia dirishani, ukapunguza mwendo ulipofika sikioni mwake, kisha ukachoma katikati. Klabu ikashinda.

Mpiga picha akaja kumpiga Fundi picha mbele ya ubao.

"Mama, tusogezee kiti kidogo. Unaingia kwenye picha."

"Bila yeye sipigwi," alisema Fundi.

Mpiga picha akamwambia asijali, ya familia itapigwa baadaye. Mke akamwashiria mumewe akubali, watu wanangoja. Akasogeza kiti. Picha ikapigwa, na kabla ya hiyo ya familia betri ikaisha.

Sasa imetundikwa kwenye ukumbi wa klabu. Chini yake pameandikwa: Fundi na mishale yake. Fundi hatazami kamera, anatazama pembeni, na mishale yote iliyochomekwa ubaoni imelalia upande huohuo, ambako mwishoni kabisa mwa picha kinaonekana kiwiko cha mtu. Kila asubuhi mfagiaji huikuta picha imening'inia upande, imeelekea dirisha la barabarani. Huinyoosha, hufuta kioo chake kwa kitambaa, kisha huendelea kufagia.