Uso wa Mwalimu wa Kwaya

Kemuma alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa lake mjini Kisii kwa muda mrefu, hata waumini wakamjua zaidi kwa mgongo. Katika kila video ya kwaya hiyo ungeona nyuso za waimbaji, na mbele yao koti la kitenge na mikono miwili inayopaa. Hilo halikumkera. Siku za kazi aliuza bima ofisini huku akitabasamu kwa adabu. Jumapili aliwageukia waimbaji wake akawa mtu mwingine, na siri hiyo ilibaki kati yake na wao.

Basi Okoth, kijana kutoka Homa Bay mwenye studio ya filamu jirani na ofisi yake, akaomba kuirekodi kwaya. Alizungusha kamera ukumbi mzima, juu na chini. Alieleza kwamba kompyuta ingeunganisha picha zote, kisha mtu akivaa miwani maalumu angeweza kutembea ndani ya filamu na kutazama kutoka upande wowote. Kemuma aliitikia tu, "Sawa, sawa," maana alikuwa na wasiwasi na sauti ya besi. Maneno "upande wowote" yalimpita.

Siku ya maonyesho viti viliondolewa ili watu wapate pa kutembea. Orpah, mama yake, alitoka Nyacheki akiwa amevaa gauni analoliweka kwa ajili ya harusi. Miwani ikavaliwa, kwaya ikatokea katikati ya ukumbi, wimbo ukaanza. Mwanzoni watu walisimama kama walivyozoea, wakitazama mgongo. Orpah ndiye aliyezunguka kwanza, kwa tahadhari, kama anayeogopa kumkanyaga mwimbaji. Akasimama. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani, njooni huku! Njooni mwone uso wa huyu mtoto wangu!"

Ukumbi mzima ukahama. Kemuma naye akavaa miwani, akafuata, na alipojiona nusura azimie. Macho yamemtoka, mashavu yamefura akiwaonyesha besi jinsi ya kuhifadhi pumzi. Mara akawatolea ulimi waimbaji wa teno walioingia mapema. Kisha sauti zote zilipokutana, machozi ya furaha yakamtiririka asiyafute.

"Okoth, futa hiyo kitu!" akapiga kelele. "Nitamuuzia nani bima tena?"

"Hapana, Mwalimu," Okoth akasema akicheka. "Hiyo ndiyo filamu yenyewe."

Sasa watazamaji walikuwa wamesimama walipo waimbaji, na mikono ya Kemuma wa kwenye filamu ikawa inawaelekeza wao. Mzee Ombui, ambaye hata kanisani hufungua kinywa kwa amina tu, akaanza kuunguruma besi. Wengine wakadakia. Mwalimu wa kwenye filamu akainua kidole, wakapanda naye. Akashusha kiganja, wakanyamaza kwa pamoja. Hata Okoth, asiyejua neno moja la wimbo huo, alikuwa akivuta "aaa" ndefu pembeni.

Kemuma alibaki amesimama, hana wa kumwongoza. Orpah akamvuta mkono.

"Nawe imba. Mwalimu anakutazama."

Kweli alikuwa anamtazama, tena kwa upendo kiasi kwamba Kemuma aliona haya kidogo. Akavuta pumzi, akaingia na alto, akiimba kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Wimbo ulipoisha hakuna aliyevua miwani.

"Rudisha mwanzo!" Orpah akaamuru, na Okoth akarudisha.