Mshono wa Kiti cha Abiria

Miezi minane mizima binti alitafuta gari kama mtu anayetafuta mchumba: mwanzo kimyakimya, halafu kwa picha za kwenye simu, mwisho ikawa ndiyo habari ya kila mlo. Hili zuri ila chini limeliwa na kutu. Hili lina nguvu ila limepitia mikononi mwa watesaji. Hili sura tu, roho hamna. Mama yake, mshonaji mwenye duka dogo karibu na hospitali, alisikiliza yote hayo huku mguu uko kwenye cherehani. Alikuwa mjane, na mambo yake alizoea kumwambia Mungu kabla ya majirani, basi na gari nalo akaliingiza kwenye sala ya asubuhi, kati ya kuombea magoti yake na kuombea mvua.

Binti alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Wenzake kazini walimbandika jina la Maji Mtungini, kwa kuwa hata akikimbiza vipi, mgonjwa aliyelala nyuma hayumbi. Sasa mtu kama huyo utadhani siku ya mapumziko atataka kukaa mbali na usukani. Wapi. Jumamosi moja ya kila mwezi alikwenda kwenye uwanja wa mbio nje ya mji, mahali ambapo watu huja na magari yao wenyewe, huvaa kofia ngumu, na kuzunguka kwa kushindana na saa. Alikuwa akiazima gari la rafiki yake, na kuazima kulikuwa kumemchosha.

Alichotaka, basi, ni gari moja la kazi mbili. Siku za wiki limpeleke kazini bila usumbufu na limshushe mama dukani. Jumamosi yake ikifika, lipige kona mpaka tairi zinukie. Liwe na gia za mkono, breki zisizochoka, na nguvu ya kutosha ila isiwe ya kichaa. Mama naye alitoa sharti lake moja tu: kiti cha abiria kisiwe chini mno, maana atakayekikalia kila asubuhi ni yeye, na magoti ni yake.

"Ukikataa wewe, mama, silinunui," binti alimwambia. Na hakuwa akitania.

Asubuhi ya siku hiyo waliona magari mawili. La kwanza lilikuwa la rangi ya majivu, mali ya daktari wa meno, mwanamke mpole mwenye tumbo la mapacha ambaye alikuwa akiliuza kwa sababu iliyoonekana kwa macho. Lilikuwa limetunzwa kama jino la mtoto wake. Alikuwa na daftari lililoandikwa siku mafuta ya injini yalipobadilishwa, kila pedi ya breki ilipobadilishwa, hata siku kioo kilipopigwa na jiwe. Lakini lilikuwa limechakaa kwa nje. Rangi imefifia juu ya paa, usukani umelainika kwa kushikwa, na ubavuni mwa viti uzi wa kiwandani ulianza kuchomoza vinyuzinyuzi. Mama aliviona akawashwa mikono. Kwenye mkoba wake daima kulikuwa na sindano iliyopinda, chuma kidogo cha kufumulia, na vibunda vitatu vya uzi.

Binti alilikagua, akaliendesha, akashukuru. Walipokuwa njiani akasema lina afya tele, tatizo ni kwamba halijamwita.

La pili lilimwita tangu getini.

Lilikuwa bluu, bluu ya wino mbichi, limesimama peke yake mbele ya ofisi ya dalali kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Dalali alikuwa mwanamume mcheshi mwenye miwani iliyopandishwa utosini, na akawapokea kwa maneno matamu. Mama aliitwa mama mkwe kabla hata hawajaketi. Binti akaitwa bingwa. Aliwaambia kuna mtu mwingine anakuja kulitazama mchana, na kwa jinsi alivyochungulia barabarani ilionekana kwamba hilo angalau ni kweli.

Mama alisimama kivulini akamtazama mwanawe akifanya kazi, na moyo ukamjaa. Binti alivua saa asije akakwaruza. Akapitisha vidole kwenye nafasi kati ya boneti na bodi, pande zote mbili, kama mtu anayepima pindo. Akachuchumaa kutazama shokamzoba, akasugua tone la mafuta kati ya vidole na kulinusa. Akatazama vichwa vya boliti kama vina majeraha ya spana. Alipogonga mlango wa kushoto kwa kucha aliinua uso, akasema mlango huu umepakwa rangi upya. Dalali hakubabaika. Alisema mwenye gari alikwaruza nguzo ya geti, jambo la aibu tu, si la hatari. Binti akarudi kuugonga tena, akaridhika. Alipowasha swichi, taa zote za dashibodi ziliwaka na kuzimika moja moja kama inavyotakiwa, hata ile ya mifuko ya hewa, ile inayofura kumkinga mtu gari likigongwa.

Wakaingia barabarani, binti kwenye usukani, mama kando yake, dalali amejikunja kiti cha nyuma.

Lile gari, Mungu ashukuriwe kwa akili aliyowapa waja wake, lilikuwa zuri. Halikuvuma hovyo. Lilikuwa likivuta pumzi, likitulia, kisha likienda, na mwendo wake ulikuwa mmoja kama kitambaa kinachopita chini ya sindano. Nyuma ya maghala kulikuwa na barabara pana isiyo na watu, yenye kona mbili ndefu. Binti aliingia kona ya kwanza na mama akasubiri kutupwa mlangoni. Hakutupwa. Alitazama mikono ya mwanawe, jinsi isivyokamata usukani kwa nguvu bali kuusindikiza, na macho yake jinsi yalivyokwisha kufika mwisho wa kona kabla ya gari. Mume wake angekuwepo angecheka kwa sauti. Yeye alitabasamu tu, akashika ubavu wa kiti, upande wa mlangoni.

Na hapo kidole chake kikasoma kitu.

Miaka thelathini ya kushona humfanya mtu aone kwa vidole. Ulikuwa mshono wa mara mbili, uzi mnene uliopakwa nta, hatua ndogo zilizolingana kama punje. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa sifa: huu ni mkono wa fundi hasa, hapa hapafumuki milele. Akainama akachungulia kiti cha dereva, nacho ubavu wa mlangoni. Kule mshono ulikuwa mmoja, uzi mwembamba, hafifu, kama wa gauni la bei rahisi.

Mama akaondoa mkono wake.

Aliujua ule uzi mwembamba. Mwaka juzi alipata kazi ya kumshonea mwenye teksi mavazi ya viti, akayashona kwa fahari yake yote, mara mbili kila upande, yasitoboke. Binti aliporudi kutoka kazini na kuyaona alikaa chini kando ya cherehani, akamweleza taratibu kwamba ubavuni mwa kiti kuna mfuko wa hewa, na kiwandani mahali hapo hushonwa kwa uzi dhaifu makusudi, ili siku ya ajali upasuke na mfuko utoke. Ukishona imara umemfungia mtu mlango wa kuokokea. Mama alifumua yote manne usiku uleule, na aliomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa limemuua mtu.

Mtu hushona upya mshono kama huu kwa sababu moja tu: ulikwisha kupasuka siku ya ajali.

Gari lilirudi ofisini. Binti alizima injini, mikono bado iko kwenye usukani, na usoni ana ile sura aliyokuwa nayo alipokuwa na miaka saba akipewa viatu vipya. "Ni hili, mama," alisema.

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Kiti kile kilikuwa chake yeye. Kikiwa na kasoro, atakayeumia ni mwanamke mzee aliyekwisha kula chumvi yake, na mwanawe atakuwa amepata anachokipenda baada ya miezi minane. Tena yeye ni nani katika mambo ya magari? Aliomba kimoyomoyo apewe ama neno ama kufuli ya mdomo. Akaona akinyamaza atakuwa kila asubuhi ameketi juu ya uongo, na mwanawe, ambaye huokota watu barabarani kwa mikono yake, ndiye ataendesha uongo huo bila kujua.

"Mwanangu, gusa hapa," alisema. "Kisha uguse kwako."

Binti aligusa. Sura ya viatu vipya ikamtoka polepole.

Dalali alipoelezwa alicheka mpaka miwani ikamshukia puani. Akasema mama mkwe, hapa hatuuzi magauni. Akasema labda mwenyewe alimwaga chai akabadilisha ngozi. Akasema taa si mmeiona imezimika? Binti hakubishana naye. Alisema kwa sauti ileile ya Maji Mtungini kwamba mama yake atafumua urefu wa kiganja, na mfuko ukionekana, gari hili analichukua leo kwa bei iliyotajwa, bila neno la ziada.

Dalali akatazama barabarani, mteja wa mchana hajafika. "Na mkishachana kiti cha watu?"

"Nitakishona," alisema mama. "Imara kuliko ulivyonipa."

Binti alifungua waya wa betri, wakangoja dakika kadhaa kwa usalama. Kisha mama akapiga magoti kwenye changarawe, magoti yaleyale, akatoa chuma chake. Alifumua bila kukata ngozi hata unywele. Alikuwa akimsifu aliyeshona huku anamfumua, chini kwa chini, kwa sababu kazi nzuri ni kazi nzuri. Ngozi ilipoachana, ndani kulikuwa na kipande cha godoro kilichokunjwa na kusokomezwa. Waya ulioingia humo ulikuwa umefungwa kidude kidogo kama haragwe. Binti alikitambua mara moja. Kazi yake ilikuwa kuidanganya taa tu.

Dalali aliivua miwani akaifuta na shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Aliapa hakujua, na pengine ni kweli. Uso wake ulikuwa umemshuka kama wa mtu ambaye naye aliuziwa uongo.

Binti alisimama akalizunguka gari mara moja. Akaweka kiganja juu ya paa lake la bluu, akakiacha pale kitambo. Kisha akamgeukia mama, na kwa mara ya kwanza sauti ikamtetemeka.

"Ni kiti chako, mama. Ningekuweka hapo kila siku."

"Ungeniweka," mama alijibu, "na mimi ningekaa. Lete huo mkoba, niliahidi kushona."

Alirudi chini. Uzi mweusi alikuwa nao, na wa kahawia. Akachukua mwekundu, ule wa sare za shule, akautunga kwenye sindano iliyopinda, akaanza kufunga pale alipofumua, hatua ndogo zilizolingana, imara kama alivyosema. Juu ya ngozi nyeusi ulionekana kama alama ya mwalimu kwenye daftari. Dalali alipoona aliruka, akasema mama mkwe unaniua, kila atakayeingia ataniuliza.

"Ndiyo, baba," alisema bila kuinua kichwa. "Niliahidi kushona. Kuficha sikuahidi."

Binti aligeuza uso pembeni, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mama alidhani analia. Alipotazama vizuri akaona anacheka, tena kicheko kile cha baba yake. Hata dalali, baada ya kuguna na kuzungukazunguka, alimletea mama kigoda akae, asiumize magoti. Alisema akipata wateja wanne kama huyu mama atafunga ofisi. Mama akamwambia akishapata fundi anayejua, mfuko halisi ukawekwa, amwite. Yeye atakuja kuutoa ule uzi mwekundu bure.

Mchana binti alimpigia daktari wa meno. Gari la majivu lilikuwa bado lipo.

Jumamosi iliyofuata jua lilikuwa kali juu ya uwanja wa mbio. Binti alizunguka kwanza peke yake, na mama akasimama kwenye uzio, shanga za jasho usoni, akimtafuta kwa macho kila kona. Magari mengine yalipita kwa kishindo na moshi. La majivu lilipita kama mtu anayejua anakokwenda, na kila mzunguko lilimaliza mapema kidogo kuliko uliopita. Mwanamume mmoja aliyekuwa kando yake aliuliza ni nani huyo asiyepoteza hata hatua moja. Mama alisema ni dereva wa gari la wagonjwa. Alingoja kidogo, kisha akaongeza kwamba ni mwanawe.

Mwishoni waliruhusu abiria kwa mzunguko wa polepole. Binti alimvalisha mama kofia ngumu, akamfunga mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Gari likaondoka. Kwenye kona ya kwanza mkono wa mama ulikwenda wenyewe ubavuni mwa kiti, ukakuta vile vinyuzinyuzi vilivyochomoza, dhaifu, vya kiwandani. Sindano ilikuwa mapajani, ndani ya mkoba.

Alivilaza vinyuzi kwa kidole, akaviacha.

"Mama, uko salama?"

"Ongeza kidogo," alisema.