Migomba Inayomfuata Mwenyewe

Katusiime aliporudi kwao Bweranyange kwa likizo, alikuja na swali. Mwalimu wake wa biolojia huko chuoni Morogoro alimtaka achague ugonjwa mmoja wa kuufanyia utafiti, naye alikuwa bado hajaamua. Alilitoa wakati wa kula, sinia la ndizi na maharage likiwa katikati, na kila mtu akaona ameulizwa yeye.

"Ndigana," alisema mjomba wake Muhangi, aliyekuwa na ng'ombe mbugani Nyakakika. "Ndama anavimba tezi, anahema, kesho unamzika. Na aliyemuua ni kupe mdogo kama punje ya ulezi. Ukiufanya utafiti huo, nakukabidhi mtamba."

"Yupi, mjomba? Huyo anayehema?"

Wakacheka. Mukakalisa, jirani, akanyoosha mguu wake mkekani. "Mimi nataka utafiti wa goti hili. Linalia tangu tuvuke mpaka kuja huku."

"Goti lako lina ugonjwa wa kulima mashamba ya watu," Muhangi alimchokoza.

Mukakalisa alicheka pia, maana ni kweli. Zamani alilima kibanja chake, shamba la migomba la kuzunguka nyumba. Mume wake Anastazi alipofariki, migomba yao yote ilinyauka, shina baada ya shina, hadi kibanja kikabaki peupe. Watu walisema migomba imemfuata mwenyewe. Mukakalisa alilishika neno hilo. "Aliipenda kuliko alivyonipenda mimi," alizoea kusema, "basi kaichukua." Alilisema kama mzaha, lakini ndilo lililomwezesha kulala.

Pulkeria, mama yake Katusiime, hakutaja ugonjwa wowote. Wake alikuwa nao pale pale nyuma ya nyumba, na alimwomba Mungu binti yake auone bila kuambiwa.

Asubuhi, Pulkeria akiwa anakoleza moto, Katusiime alimjia jikoni.

"Shikamoo mama. Nimechagua. Mnyauko wa migomba."

Aliweka kuni chini. Hata marahaba aliisahau. Alichukua kisu chake, akamshika binti mkono, akampeleka moja kwa moja hadi pembe ya chini ya kibanja, kwenye shina la enshakala, ndizi ya kupika, aliloachiwa na mama mkwe wake. Kwa mbali lilikuwa zuri. Kwa karibu ulionekana ukingo wa njano kwenye majani mawili.

"Nimekuwa nikiyakata watu wasione," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua utakuja."

Katusiime alivunja ndizi moja changa. Ndani ilikuwa na rangi ya kutu.

"Sasa dawa," mama alisema.

"Hakuna dawa, mama. Ni kung'oa shina na kulifukia."

"Hilo hata bwana shamba alilisema. Wewe ndiye umesoma. Utaitafuta. Itachukua muda gani?"

"Wanaitafuta tangu niko darasa la kwanza. Mimi sitaanza na dawa. Nataka kujua unavyosafiri, unavyotoka kibanja hiki kwenda kile."

"Una miguu?"

"Nyuki wanaubeba. Na visu. Ukikata mgomba mgonjwa, ule utomvu unabaki kwenye makali, unaupeleka kwa mzima."

Pulkeria alitazama mkono wake. Alikuwa ameshika muhoro, kile kisu kilichopinda mdomo, alichokabidhiwa na mama mkwe siku alipoolewa. Muhoro wa namna hiyo hauazimishwi. Anayeuhitaji humwita mwenyewe aje nao. Na Pulkeria aliitwa kuliko wanawake wote wa pale, maana alipogolea vizuri, hakujeruhi shina, na kila alipomaliza alipangusa makali kwa jani bichi hadi yang'ae, na wenzake wakajifunza kwake.

"Ukipangusa kwa jani?"

"Jani halitoshi, mama. Ni moto, au jiki."

Pulkeria alikuwa amekumbuka msiba wa Anastazi. Kaburi la mtu huchimbwa kibanjani kwake, kwa hiyo majirani hutangulia kusafisha migomba ili marehemu alale pazuri. Siku hiyo Pulkeria alifika akitokea Kihanga, kwa dada yake, alikomsaidia kukata migomba iliyoanza kuwa ya njano. Alipangusa muhoro kwa jani. Kisha akapogolea kibanja chote cha Anastazi, kwa upendo, bila kuruka shina hata moja.

"Mama, umepatwa na nini?"

"Jua tu," alisema Pulkeria, na jua lilikuwa halijatoka vizuri.

Juma hilo hilo mzee Nestory alifariki, nyumba ya nne kutoka kwao. Pulkeria alikwenda na binti yake, mikono mitupu. Muhoro alikuwa ameuchomeka kwenye makaa hadi mpini ukaungua. Wanawake walimwona, wakatazamana.

"Mama Katusiime, leo umetususia?" aliuliza mmoja wao, Deodatha. "Au mkono umeolewa kwingine?"

"Chomeni visu kwanza kwenye moto," Katusiime alisema. "Kila mnapotoka shina moja kwenda jingine. Nawaomba."

"Ee! Huko Morogoro visu vinapikwa? Vinaliwa na mboga gani?"

Kicheko kilipita chini chini, cha msibani. Deodatha aliinama kwenye shina la kwanza.

"Msikate," Pulkeria alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Alimgeukia Mukakalisa, aliyekuwa amesimama na kisu chake cha kibarua. "Migomba yako haikumfuata mtu. Niliiua mimi. Nilitoka Kihanga na ugonjwa kwenye muhoro, nikauingiza kwako siku ya kumzika mume wako."

Mukakalisa alishusha kisu chake.

"Hapana," alisema.

"Mwenzangu, ndivyo ilivyo."

"Hapana, Pulkeria. Wewe ulitusafishia. Nilikuona. Anastazi alilala pazuri kwa sababu yako. Ile ilimfuata mwenyewe. Usininyang'anye na hilo."

Alimpita, akaingia kati ya migomba ya Nestory, akaanza kukata. Wengine wakamfuata. Katusiime alizunguka na kijinga cha moto mkononi, akimwomba huyu, akimwomba yule, nao wakawa wanamkwepa kwa upole kama mtu aliyechanganywa na huzuni.

Pulkeria alikaa chini kwenye majani makavu. Kutoka pale alisikia visu vikihama, shina hadi shina, na kila kilipotua alisikia pia jani bichi likipangusa makali. Walikuwa wanafanya vizuri. Walikuwa wanafanya kama alivyowafundisha yeye.