Tarehe Aliyoipanga Kaka

Mama aliingia chumba cha kuhariria filamu bila hodi, na kwa mwanamke aliyewafundisha wanawe kupiga hodi hata mlango ukiwa wazi, hilo peke yake lilitosha kumjulisha bintiye kwamba mambo yameharibika. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake. Mkononi alishika tangazo la onyesho la filamu ya bintiye, alilolikunjakunja.

"Nani amebandika hili mlangoni kwa muuza nyama?"

Mhariri, waliyemwita Mkasi kwa sababu hakuwahi kuionea picha huruma, alijitia kutafuta waya chini ya meza. "Shikamoo mama," alisema akiwa huko huko.

"Marahaba. Toka huko, sijaja kumpiga mtu."

Binti alisimama. Wenzake chuoni walimwita Dairekta, na jina hilo lilikuwa limemvimbisha kichwa mwaka mzima. Sasa alijiona kama mtoto aliyevunja kikombe. Filamu yake ya kumalizia masomo ilimhusu mama huyu huyu, fundi cherehani, na kibanda chake cha kushonea. Kaka yake ndiye aliyeshika kibao, kile kinachoandikwa tarehe kwa chaki na kupigwa pa! kabla ya kila picha. Kisha, mwishoni mwa mwezi wa nane, lori likakatika breki, na kaka hakurudi nyumbani.

"Tarehe hiyo ni siku aliyotutoka kaka," alisema. "Mwaka utakuwa umetimia. Nataka watu wamkumbuke, mama."

"Watu! Siku hiyo mimi sitaki hata kusikia redio ya jirani. Wewe unataka nikae ukumbini nijitazame nikicheka, watu wanipigie makofi?"

"Mwalimu anataka tumthibitishie tarehe leo kabla ya saa sita. Tusipompa, ukumbi wanapewa wengine na mimi simalizi mwaka huu."

"Mpe. Lakini ukishikilia siku hiyo, unitoe humo. Uso wangu, mikono yangu, cherehani yangu. Vyote."

Filamu hiyo bila mama ingebaki ukuta na kiti. Dairekta alitazama saa ukutani. "Basi chagua wewe!" alifoka. "Maana kwako kila siku ni msiba!"

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Mama alianza kulikunjua tangazo polepole, na afadhali angemzaba kibao.

Mkasi, ambaye kimya humuwasha kuliko upupu, alibonyeza kitufe ili angalau skrini iseme kitu. Akakosea kitufe. Vikatokea vile vipande vya mwanzo wa picha ambavyo mhariri hukata na kutupa, kibao kikipigwa, picha kabla haijaanza. Mkasi yule yule asiye na huruma hakuwa ametupa hata kimoja. Alikuwa ameviunga vyote.

Kaka alitaja tarehe, pa! Kaka alitoa ulimi, pa! Kaka alipiga chafya, akakosa kupiga.

"Zima," Dairekta alisema. Mwaka mzima alikuwa amevikwepa vipande hivyo.

"Acha," mama alisema, akavuta kiti.

Katika kipande cha mwisho kaka alikuwa na chaki puani. "Tarehe kumi na nne, mwezi wa tisa!" Pa! Nyuma ya kamera sauti ya Dairekta ikamkaripia: "Kaka! Tuko mwezi wa nane! Hata tarehe huijui?" Kaka alikigeuza kibao, akakisoma, akaangua kicheko. "Kwani hautafika? Tutakutana huko huko."

Skrini ikawa nyeusi.

"Rudisha," mama alisema. Mkasi alirudisha. Mama alitazama tena mpaka mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya futi.

"Mwezi wa tisa hakuuona," alisema.

Dairekta alipiga magoti kando ya kiti, akalaza kichwa mapajani mwa mama, akalia kwa sauti. "Nisamehe, mama."

"Nyamaza. Mpigie mwalimu wako, saa sita hiyo inaingia."

Alipiga. "Kumi na nne, mwezi wa tisa," alisema.

"Mbona mmebadilisha?" mwalimu aliuliza. "Ratiba inataka sababu."

"Anataka sababu," Dairekta alimwambia mama. Mama akaichukua simu.

"Mwalimu, andika kwamba kaka yake ndiye aliyepanga. Na mimi nitakuja."