Thelathini na Nne

Binti wa fundi cherehani alikuwa na wiki mbili tu tangu aanze kujifunza kuandika programu za simu, na tayari alishajiona gwiji. Alijinunulia mkanda wa kupima mapigo ya moyo, ule unaofungwa kifuani na kutuma namba kwa Bluetooth. Programu yake ilikuwa na kazi moja: iutafute mkanda, iunganike nao, ionyeshe mapigo kwa dakika. Mkanda akamfunga baba yake, maana mzee kutwa yuko kwenye cherehani, hana pa kwenda.

Siku ya kwanza simu ilisema kumi na sita. Baba akishona, kumi na sita. Akicheka, kumi na sita.

"Mwenye kumi na sita ameshazikwa, mama," baba akamtania. "Nifunge duka?"

Kumbe alikuwa anasoma namba siyo. Kila ujumbe wa mkanda huja na namba kadhaa: ile ya mwanzo hueleza tu mpangilio wa ujumbe; mapigo yenyewe yamo kwenye ya pili. Alijicheka, akarekebisha.

Asubuhi ya pili ikaja thelathini na nne.

Hapo ndipo ujuaji ulipomponza. Si jana ilikosea? Basi na leo imekosea. Akamwambia baba asijali, ni programu tu, kisha akaandika mstari mmoja: namba yoyote chini ya arobaini itupwe. Skrini ikabaki tupu, naye akaridhika kabisa. Akampigia mwalimu wake kujisifu.

"Unatupa kitu ambacho hujakijua?" mwalimu akamuuliza. "Futa huo mstari, halafu vaa mkanda wewe mwenyewe."

Akafuta, akavaa. Themanini na moja. Akajishika shingoni, akahesabu kwa saa ya ukutani, ikawa ileile. Programu ilikuwa nzima.

Akamrudishia baba mkanda. Thelathini na tatu. Akamshika kifundo cha mkono, akasubiri pigo, likaja. Akasubiri la pili mpaka akadhani haliji tena.

Alipiga magoti amvalishe viatu waende hospitali, kamba hazifungiki.

"Wiki nzima nasikia kizunguzungu," baba akasema taratibu. "Nilipoiona ile namba asubuhi nilitaka kukwambia. Ukasema ni programu. Wewe ndiye msomi, mama, nikakuamini."